Mkeka Usiochanika

Wiki nzima tumemwacha Mama Pacha amesimama mlangoni mwa jikoni na mfuko wa nyanya mkononi, na najua wengine mmekosa raha. Haya, tumpumzishe miguu.

Kwa aliyepitwa na gazeti: Mama Pacha ni keshia wa benki. Jumamosi hiyo alitoka kazini mchana, akapita sokoni, akavua viatu barazani na kuingia ndani kimyakimya kama ilivyo kawaida yake. Akamkuta mumewe, Baba Pacha, kaupa mlango mgongo, simu sikioni, anafoka kwa furaha: "Weka yote! Yote, usibakize hata kidogo! Mkeka huu hauchaniki, nakwambia!"

Sasa neno mkeka katika nyumba ile si neno la kuchezea. Kwa watu wanaobashiri mechi, mkeka ni ile orodha ya timu unazoziwekea pesa. Ukipatia zote, mkeka umetiki. Ukikosa moja tu, mkeka umechanika. Na Baba Pacha hakuwa mbashiri wa kujaribu bahati kwa nauli iliyobaki mfukoni. Aliacha kazi nzuri kwa wakala wa bima, akaifanya kamari kuwa ndiyo ofisi. Mji mzima ukamwita Mchambuzi, watu wazima na ndevu zao wakawa wanamfuata hadi kwa kinyozi kumwomba timu. Halafu mikeka ikaanza kuchanika mfululizo, na kiwanja cha mkewe kikaenda humohumo.

Tangu hapo ameapa. Anafanya kazi kwenye karakana ya sofa ya kaka wa mkewe, na kadi yake ya benki anakaa nayo mkewe.

Huyo ndiye mwanamke aliyesikia "weka yote".

Mfuko ukamponyoka. Nyanya zikatawanyika jikoni, moja ikabingirika hadi kwenye kisigino cha Baba Pacha. Akageuka.

Hapa, msomaji wangu, mtu asiye na kosa angesema, "Karibu mke wangu, pole na kazi." Baba Pacha alifanya nini? Alifunua pipa la unga, akaitumbukiza simu.

Jamani! Mimi mwenyewe ninayesimulia nilishika kichwa.

"Umeweka nini humo?" Mama Pacha akauliza.

"Humo wapi?"

"Baba Pacha."

"Nilikuwa naangalia kama unga utatufikisha mwisho wa wiki."

"Kwa kuupigia simu?"

Pipa likaanza kuita.

Mama Pacha akasogea kwenye pipa. Akakunja mkono wa blauzi yake ya benki, akazamisha mkono, akaibua simu ikiwa nyeupe pe! Akaipuliza. Unga wote ukamrukia Baba Pacha usoni. Kisha akabonyeza spika.

"Mchambuzi!" sauti nzito ya mwanamume ikajaa jikoni. "Mbona simu yako inakatikakatika? Sikia, nimeshaweka yote. Bado pesa tu. Isipoingia kabla ya saa kumi, mimi nafunga."

Mama Pacha akamtazama mumewe kama anavyotazama noti anayoishuku pale dirishani kwake, mbele kwanza, halafu nyuma.

"Sivyo unavyodhani," Baba Pacha akasema.

"Mimi nadhani nini?"

"Unadhani mkeka."

"Wewe ndiye umesema mkeka!"

"Ndiyo, lakini mikeka ya kukalia!"

"Miaka yote umeikalia roho yangu, leo ndiyo umepata mikeka ya kukalia?"

"Mke wangu, nakuapia, mikeka ya plastiki! Ile ya kutandika!"

"Umeshatutandika vya kutosha, mimi na wanangu!"

"Samahani, Mama Pacha," simu ikasema.

Wote wawili wakaruka.

"Bado nipo hewani," sauti ikaendelea, sasa kwa adabu. "Mimi ni muuza mikeka. Hiyo hiyo ya kutandika. Nina duka nyuma ya soko, wewe mwenyewe ulishawahi kununua kwangu ndoo ikavuja, ukanirudishia kwa maneno makali."

Mama Pacha akaikumbuka ndoo. Pumzi ikaanza kumshuka.

"Kwa hiyo ni mikeka kweli?"

"Kweli tupu. Nimeipakia yote kwenye pikapu hapa. Ila kaka yako anasema hatoi pesa mpaka wewe useme ndiyo. Na mumeo ameniambia ulishasema ndiyo tangu juzi." Akakohoa. "Hivi... ulisema ndiyo?"

Mmeona mambo hayo? Mtu katolewa shimoni kwa kamba, na kamba hiyohiyo ikamtupa kwenye shimo la pili. Kama si unga, mngemwona Baba Pacha alivyobadilika rangi.

"Nitakupigia," Mama Pacha akasema, akakata. Akavuta kiti cha jikoni, akakaa, akaiweka simu mezani mbele yake. "Anza. Na uanzie mwanzo, si pale panapokupendeza."

Baba Pacha akaanza. Kuna mtu mwenye gesti, anataka viti vya barazani. Vile vya ngozi vilipasuka kwa jua, vya kitambaa vikaoza kwa mvua. Amezunguka kwa mafundi wote wa sofa, kila mmoja anamwonyesha kitambaa kilekile. Baba Pacha akapata wazo: viti vya mbao, kalio na mgongo wa mkeka wa plastiki. Jua haliuwezi, mvua haiuwezi, ukichafuka unaumwagia maji. Shemeji yake akasikiliza, akakuna kidevu, akasema: wazo lako, pesa yako, mimi natoa mbao na nafasi.

"Pesa yako ipi?" Mama Pacha akauliza, ingawa alishajua.

Kwa makubaliano ya nyumba ile, nusu ya mshahara wa Baba Pacha inakuja nyumbani na nusu inabaki kwa Shemeji, haiguswi, hata mtu akiugua meno. Ni pesa ya kurudisha kiwanja.

"Ya kiwanja," akajibu.

"Yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo nilivyosikia pale mlangoni ndivyo. Umeweka yote kwenye mkeka."

Baba Pacha akajifuta unga kwenye nyusi. "Ukiisema hivyo inakuwa na sura mbaya."

"Nifundishe kuisema ikiwa na sura nzuri."

Akakosa. Mtu aliyekuwa akichambua mechi tangu asubuhi hadi watu wanasinzia, leo kakosa neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa," akasema, na sauti ikamshuka. "Halafu nikaogopa zaidi kwamba utakubali. Ukikubali nami nikashindwa tena, uso nitauweka wapi?"

Hilo, wasomaji wangu, lilikuwa neno la kweli, na Mama Pacha alilisikia lilivyo. Lilimuuma na lilimpoza kwa pamoja. Aliinama akaokota nyanya, nzima huku, zilizopondeka huku. Zilizopondeka zilikuwa nyingi. Alipoinuka alikuwa ameshakata shauri.

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kuiona hiyo mikeka. Nikiipenda, nitasema ndiyo kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa mdomo wako. Nisipoipenda, unga wako leo umemwagika, karakana na nyumbani." Akafika mlangoni, akageuka. "Na jipanguse uso. Unaonekana kama umefufuka."

* * *

Karakana ya Shemeji ni banda refu lenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Upande mmoja sofa zilizochunwa zimekaa springi nje, upande mwingine marundo ya sponji, katikati meza pana ya kukatia, na kwenye kona jiko dogo la gesi la kuyeyushia gundi. Shemeji mwenyewe ni pande la mtu. Na ana tabia moja ambayo wateja hawaizoei mpaka leo: misumari midogo ya sofa anaiweka mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, anapiga, anatoa mwingine. Kuongea anaongea humohumo. Nani amwelewe? Mafundi wake wanabahatisha.

"Kaka," Mama Pacha akaanza kabla hata ya salamu, "ni kweli ulitaka kutoa pesa yangu ya kiwanja?"

"Mfn-hm mfu mfemfe."

"Toa misumari!"

Shemeji akaitema kiganjani. "Nimesema sitoi mpaka useme mwenyewe. Sasa sema, nina kazi." Akairudisha mdomoni.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya banda. Muuza mikeka alipomwona Mama Pacha alisogea nyuma hatua moja, pengine alikumbuka ndoo. Mama Pacha akashusha mkeka mmoja, akaukunjua. Akausugua kwa kidole gumba. Akaunusa. Akaukanyaga upande mmoja kwa miguu yote miwili, akaushika upande wa pili, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mkeka haukuchanika.

"Nilikwambia," Baba Pacha akasema.

"Nyamaza."

Akasimama pale anauangalia. Msidhani ilikuwa rahisi. Kiwanja kile alikinunua kwa kujinyima, kikaondoka bila yeye kuulizwa. Leo anaulizwa, na anayeuliza ni mtu yuleyule.

"Mlipe, kaka," akasema, haraka, kabla hajajirudi. "Ndiyo."

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwenye gesti alikuwa anakuja jioni hiyohiyo kuona kiti kimoja cha mfano. Akikipenda, kazi ya viti vyote ni yao. Asipokipenda, wamebaki na pikapu nzima ya mikeka na hakuna harusi wala msiba wa kuitandika.

Na hapa sina budi niwape siri ya karakana. Tangu mikeka yake ya kamari ichanike, Baba Pacha ameogopa mkasi. Kitambaa ukikikata umekikata, hakuna kurudi nyuma, na yeye aliwahi kuwa na uhakika mara nyingi mno maishani. Kwa hiyo anapima, anapiga chaki, anapima tena, anafuta, anapiga chaki upya, kisha anainua uso: "Shemeji, nikate?" Shemeji anajibu "Kata," ndipo anakata. Kila kitambaa, kila siku. Mafundi wenzake wamelizika jina la Mchambuzi. Wao wanamwita Bwana Nikate.

Basi Bwana Nikate akautandaza mkeka mezani. Akapima. Akapiga chaki. Akapima tena, mkewe anamwangalia. Akafuta. Fundi mmoja nyuma ya sponji akakohoa kumficha mwenzake anayecheka. Akapiga chaki upya, akaushika mkasi.

"Shemeji, nikate?"

Shemeji alikuwa ameinama chini ya kiti anapigilia mguu, mdomo umejaa. Akainua macho, akautazama mkeka, macho yakamtoka.

"Mfikate!"

Baba Pacha alisikia "kata". Na kwa kuwa mkewe yupo pale, akajisemea leo hapana kusitasita. Akaupeleka mkasi kwa mkupuo mmoja toka mwanzo wa meza hadi mwisho, umenyooka, safi, mkato ambao fundi yeyote angejivunia.

Shemeji akaitema misumari ikaruka hadi kwenye gundi.

"Nimesema USIKATE! Usikate! Huo umesukwa, ukiukata kingo zinafumuka!"

Wote wakautazama mkeka. Ukakaa kimya kidogo, kama unawaza. Kisha uzi mmoja wa plastiki pembeni ukachomoka. Ukafuata wa pili. Halafu ukawa mchezo, huu unamwachia yule, yule anamwachia mwenzake, mpaka nusu ya mkeka usiochanika ikawa lundo la nyuzi sakafuni.

"Hauchaniki," Mama Pacha akasema polepole. "Unafumuka tu."

Hakuna aliyecheka.

Damu ikampanda Baba Pacha kichwani. Akachomoa mkeka wa pili, akautupa mezani, akaushika mkasi. "Nafidia!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya juu, ya haraka. "Ule ni bahati mbaya. Huu nakata upande wa pili, harakaharaka, tunarudisha kila kitu kabla mtu wa gesti hajafika!"

Mama Pacha aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikitoka sebuleni timu ya kwanza ikishafungwa: naweka nyingine, narudisha, hii ni ya uhakika. Kiwanja hakikuondoka kwa mkeka wa kwanza. Kiliondoka kwa sauti hiyo. Akauchukua mkoba wake juu ya sofa, akautia begani, akaanza kuangalia mlango.

Mkasi ulikuwa umeshafunguka, ukingo wa mkeka umo katikati.

Ukabaki hapo.

Baba Pacha alikuwa anaitazama mikono yake. Akavuta pumzi, akaishusha.

"Hapana," akasema. "Huu nataka kuukata kwa hasira ya ule."

Akaweka mkasi chini. Akauviringisha mkeka wa pili taratibu, akaurudisha na wenzake. Kisha akakaa sakafuni na ule uliofumuka, akaanza kuuchunguza ukingo wake.

Mama Pacha alisimama na mkoba begani. Miaka yote aliyoishi na mtu huyu hajawahi kumwona akiacha baada ya mmoja. Akauteremsha mkoba, lakini hakuuweka chini. Aliushika tu mkononi. Si mnajua, tahadhari kabla ya hatari.

"Shemeji," Baba Pacha akauliza kutoka pale chini, "kamba ya plastiki ikianza kufumuka nchani unaifanyaje?"

"Naichoma moto ishikane. Kila mtu anai..." Shemeji akanyamaza katikati. Wakatazamana. Wote wawili wakaligeukia jiko la gundi.

Baba Pacha akachukua kisu, akakipasha moto, akakijaribu kwenye kipande cha mkeka ulioharibika. Moto ulizidi. Plastiki ikaungua, moshi mweusi ukajaa banda, mafundi wakakimbilia nje wanakohoa na kumtaja mama yake. Akajaribu tena, kisu kikiwa cha vuguvugu, kikakwaruza tu bila kukata. Akapasha, akajaribu, akapoza kidogo, akajaribu. Mkeka ule uliofumuka ukazidi kuwa mfupi, naye akazidi kutulia. Vilipobaki vipande vya kufutia mikono, kisu kilikuwa kinapita kama kinaandika, na nyuma yake ukingo unabaki umeshikana, laini, kama uliopigwa upindo.

Ndipo akaurudisha mkeka wa pili mezani. Akapima. Akapiga chaki. Mara moja.

Banda zima likasubiri neno. Fundi wa sponji akalitamka kabisa kwa midomo, bila sauti: nikate?

Baba Pacha hakuuliza mtu. Akakata.

* * *

Mwenye gesti alikuwa mtu wa kitambi na maneno machache. Alifika jua likiwa linaelekea kutua, akakizunguka kiti kama anakagua gari la mtumba. Akakikalia. Mbao zikalia kidogo, mkeka ukatulia. Akajirusha kwenye kalio. Akajirusha tena kwa nguvu, mpaka Shemeji akafumba macho.

"Maji," akasema.

Akaletewa kikombe. Mafundi wakadhani ana kiu. Akasimama, akakimwagia kiti maji yote, akatoa leso, akafuta mara moja, akakaa tena na suruali yake ya kitambaa cha maana. Akainuka, akajishika nyuma.

"Pakavu," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nitengenezeeni vyote. Na rafiki yangu mwenye mgahawa namleta Jumatatu, msimwambie bei yangu."

Alipokwisha kuondoka, akiwa ameacha malipo ya awali mezani, Shemeji alifanya jambo ambalo mafundi watalisimulia mpaka wazeeke. Aliitoa misumari mdomoni bila kuambiwa.

"Kuanzia Jumatatu wewe ni fundi, si msaidizi. Pesa ya kiwanja inarudi na faida yake, mwanzo huo. Na ole wako uniulize tena nikate." Akairudisha.

Baba Pacha akacheka, lakini kile kicheko kilitoka na kitu kingine ndani yake, akageuka upande kama anatafuta nyundo.

Mama Pacha akaja akasimama karibu naye. Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha miwani, na kutoka nyuma ya miwani akachomoa kadi. Kadi ya benki ya mumewe, ambayo tangu kiapo kile Baba Pacha hajaigusa.

"Shika."

"Ya nini?"

"Nyanya zangu zimepondeka, kwa sababu yako. Katoe pesa ukanunue nyingine. Na usiniletee zilizoiva sana."

Nyanya, jamani! Mwanamke kamrudishia mtu heshima yake yote, kaifunga kwenye nyanya ili asionekane anatoa machozi. Baba Pacha aliipokea kadi kwa mikono miwili. Alitaka kusema jambo kubwa, nalo lilikuwa limeshafika kooni, lakini unga wa mchana ulikuwa bado umo puani. Akapiga chafya.

"Afya," Mama Pacha akasema, na wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Ningeweza kuishia hapo leo, mkalala salama.

Lakini ile simu ya Baba Pacha, mkewe alitoka nayo nyumbani, na ilikuwa bado mkobani mwake. Ikatetema. Akaitoa, akaufuta unga kwenye kioo kwa kidole gumba, akausoma ujumbe kwa sauti, bado kicheko kiko mdomoni.

"'Hongera, Mchambuzi! Mkeka wako wa bingwa wa msimu umetiki. Ingia kwenye akaunti yako uchukue ushindi wako...'"

Kicheko kikakatika. Chini ya maneno yale kulikuwa na kiasi cha pesa, na keshia wa benki hahitaji kusoma kiasi mara mbili. Kilitosha kununua kiwanja, na cha jirani.

Mkeka wa msimu, kwa msiojua, ni ule unaomtaja bingwa ligi ikiwa bado changa, kisha unaukalia mpaka timu inyanyue kombe. Msimu huu ulianza lini? Na Baba Pacha aliapa lini, mbele ya pacha wake waliolala, kwamba akaunti zote amezifunga, hakubakiza hata moja? Mnaotunza magazeti ya nyuma, kayapekueni. Mama Pacha hakuhitaji kupekua. Alikuwa anahesabu kichwani, taratibu, kati ya kiapo na ligi kipi kilitangulia, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Shemeji alimeza mate, na kwa bahati tu hakumeza misumari.

"Baba Pacha." Sauti ya Mama Pacha ilikuwa ndogo. "Huu uliuweka lini?"

Kisu mkono wa kushoto, kadi mkono wa kulia, Baba Pacha alimtazama mkewe. Akakiweka kisu mezani. Kisha akaunyoosha mkono wenye kadi.

"Kabla sijajibu, mke wangu," akasema, "shika kwanza kadi yako."